Mbiire kwenye Sahani za Wakwe

Wanaowajibika kwa mke wangu kuvunjiwa heshima ni wawili: hospitali iliyomtibu saratani ya titi, iliyoyajua madhara ya dawa isituambie, na mimi, mumewe, niliyemkemea mbele ya wageni. Nimeitanguliza hospitali kwa sababu ndivyo mambo yalivyofuatana, si kwa kujificha nyuma yake.

Nilikuwa afisa masijala wilayani Muleba hadi nilipostaafu, na sijapata kusaini karatasi nisiyoisoma. Fomu ya ridhaa niliisoma mara mbili: nywele kunyonyoka, kichefuchefu, vidonda vya mdomo, upungufu wa damu. Kuhusu ubongo, hapakuwa na neno. Tukasaini wote wawili.

Kibanja chetu cha Izigo, yaani migomba na mibuni inayoizunguka nyumba, kilikuwa himaya yake. Mimi naona migomba tu. Yeye aliijua mmoja mmoja: huu ni wa kupika, ule ni mbiire, ndizi chungu za kukamulia pombe. Alikuwa akiniambia kutoka mlangoni, hata mvua ikinyesha.

Dripu ya mwisho ilipokwisha tulitoa shukrani kanisani. Baadaye akaanza kuacha sentensi katikati. Chumvi aliitia mara mbili. Nikadhani ni uchovu.

Ndipo wakwe zetu, wazazi wa mume wa binti yetu, walipokuja kutoka Maruku kumpa pole. Mke wangu alikataa kusaidiwa. Akakata mkungu mwenyewe, akamenya, akapika na maharage. Tulipoonja, vijiko vilisimama. Dada yangu, ambaye hajui kunyamaza, akauliza, "Wifi, hizi tuzile au tuzikamue?"

"Tuleni tu," akasema mkwe mwanaume. "Zitachachia humo humo tumboni, turudi Maruku tunaimba."

Walicheka. Lakini kwetu, kumpakulia mkwe mbiire ni kumwambia hakukaribishwa, na mama mkwe hakucheka. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya ofisini, "Mama, umekusudia kunifedhehesha?"

Akaisogeza sahani yake pembeni. "Nilikuwa naijua," akasema. "Ile migomba yote nilikuwa naijua."

Tangu siku hiyo hajashika kisu cha kibanjani.

Kliniki ya Bukoba ndiko tulikopata maelezo, tena kwa muuguzi aliyemsikia mke wangu akisahau swali lake mwenyewe. Aliniuliza, "Mzee, ndizi iliyomenywa ukiiacha hewani inakuwaje?"

"Inakuwa nyeusi."

"Na wapishi huizuiaje isiwe nyeusi?"

Mke wangu akajibu kabla yangu, "Kwa maji."

"Haya, mama. Ni oksijeni ile ile." Akatueleza kwamba baadhi ya dawa za saratani huzalisha mwilini chembe kali za oksijeni, ambazo huharibu hata seli zenye afya. Mwili una kinga ya kuzituliza, kama yale maji. Chembe zikizidi kinga, madhara yanaweza kufika hadi kwenye ubongo. Kumbukumbu hulegea. Si kila mgonjwa hupatwa. Wengine hupata nafuu, wengine hawarudi walivyokuwa.

"Hili linajulikana tangu lini?" niliuliza.

"Siku nyingi, mzee."

"Mbona hatukuambiwa?"

Akainamisha macho. "Wakubwa wanaogopa watu wataikimbia dawa."

Tusingeikimbia. Dawa imemwacha hai, na ningesaini tena. Lakini ningeingia naye kibanjani siku ile, nikaita jirani atuonyeshe mkungu. Mezani ningejua la kusema.

Nimekwenda Maruku pamoja na dada yangu, nikakiri kosa langu mbele ya wakwe. Mama mkwe alilia. Mke wangu nilipomweleza, alisema, "Sawa, Baba," akaendelea kuitazama migomba kutoka mlangoni, bila kuutaja hata mmoja.

Kwa hiyo naitaka hospitali hiyo inijibu kwa maandishi ni nani aliyeamua kwamba ubongo usitajwe kwenye fomu, na kwa mamlaka gani. Naitaka iirekebishe fomu hiyo kabla mgonjwa mwingine hajatundikiwa dripu. Naitaka imwombe radhi mke wangu kwa barua iliyoandikwa kwa jina lake, si langu, ikisema wazi kwamba migomba aliijua. Na barua hiyo isomwe Izigo, mezani petu, mbele ya wote waliokula siku ile.