Sisimizi Tumboni mwa Matupiri

Erondina hakupika samaki bila kwanza kumpasua na kupaka yaliyomo tumboni kwenye ukucha wa kidole gumba. Mama yake alimfundisha: matupiri, visamaki vya kijito chetu visivyozidi kidole, hula kinachodondoka mitini. Ukucha ukionyesha sisimizi, kivuli kipo na samaki watanona. Ukionyesha ua, basi chambo cha kesho ni ua hilo.

Bei ya asai, matunda meusi ya michikichi myembamba ya kwetu, ilipopanda, sote tulikata miti mingine ili michikichi hiyo ipate nafasi. Erondina alifyeka hadi ukingoni, kwa panga lake mwenyewe. Jua likaingia majini, udongo ukaporomoka ukafunika mchanga. Matupiri walibaki, wamekonda, tumboni matope na utelezi wa kijani. Supu yao ikanuka mtaro. Kisha hata asai ikaanza kuzaa kidogo, kwa kuwa nyuki walikwenda na miti.

Binti yake Cleonice akataka wazazi wauze shamba, wahamie kwake mjini Belém, chumba cha nyuma ya gereji. Erondina aliomba misimu mitatu ya mvua. Alipanda ukingoni miche ya miinga, miti ya kivuli inayoinamia maji. Mafuriko yakiisomba, anapanda upya. Siku matupiri watakapokula sisimizi tena, alisema, hakuna atakayewahamisha. Mumewe, Valdomiro, alitutangazia sisi majirani kwamba ameoa daktari wa matumbo.

Msimu wa tatu, asubuhi moja ya Machi, alipasua samaki wa kwanza akapaka ukucha. Sisimizi watano. Wa pili, wanne. Valdomiro alikuwa mlangoni akimenya muhogo, haangalii.

"Haya, daktari, unasemaje?"

Erondina alisogeza ukucha kwenye mwanga. "Wekundu hawa."

"Sisimizi ni sisimizi, bibi wee."

"Wa mitini ni weusi, mzee. Hawa ni wa kopo letu la sukari. Umewamwaga kijitoni saa ngapi?"

Valdomiro aliinamia muhogo wake. "Alfajiri. Nilitaka ufurahi kidogo."

Erondina hakugomba. Alipasua wa tatu: matope. Akawapika wote, wakala na unga wa muhogo. Halafu akamtuma mumewe kilimani, simu inakoshika mtandao, amwambie Cleonice alete lori kabla mvua haijakata barabara.

Mchana nilimkuta ukingoni, anaifunga miche kwenye vijiti. Mche mrefu kuliko yote ulikuwa haujamfika gotini.