Mkebe wa mkojo ulioandikwa jina la bibi yangu, Msambweni miaka ya hamsini

Wakuu, assalaam aleikum. Na msio Waislamu, hamjambo nyote.

Mie ni mtu mzima, nina vitukuu. Chuo cha Kurani nilisoma, shule nilikaa miaka miwili tu, kwa hivyo mkiona herufi zimesukumana mnistahi. Haya yalinifika mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Juzi humu jukwaani niliona vijana wakibishana kwamba utafiti wa sayansi ni mchezo wa wasio na kazi, huyu apima jua, yule ahesabu wadudu, na mwananchi hapati kitu. Nikasema hapa na mie niingie.

Kwanza niwataje waliokuwepo, ndio mtanifuata.

Bibi yangu Mwanakombo, mamake baba. Ndiye mkunga, ndiye somo, mwenye kuwafunda wasichana. Msichana akivunja ungo pale mtaani kwetu, neno la bibi ndilo la mwisho.

Mama yangu Mwanatumu, mkewe mwanawe. Mbele ya bibi hakuinua sauti hata siku moja.

Shangazi Mwanajuma, bintiye bibi. Huyu yeye sauti aliinua kwa niaba ya wote.

Suleimani, dresa, yaani msaidizi wa daktari. Kijana wa Kombani, mtu wa adabu sana.

Na watu watatu wa serikali. Rashidi, karani wa mvua, alikuwa na mkebe wa shaba wa kupimia maji ya mvua, na tufe la kioo lililounguza mstari kwenye kadi jua likiwaka, ndipo akajua jua limewaka kwa saa ngapi. Jonathani, Mtaita, Bwana Shamba, alikuja kujaribu mbegu za mpunga bondeni kwetu. Wa tatu Mzungu, daktari, kutwa yumo majini na kichujio aokota konokono. Jina lake la kizungu lilitushinda, tukamwita Bwana Konokono.

Bibi akiwaona wamepita wote watatu asubuhi moja husema, "Mmoja anapima mvua, mmoja anapima mpunga, mmoja anapima konokono. Na sisi tukipima unga wa kupika twaambiwa hatuna kazi."

Sasa mie.

Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja. Kazi yangu msimu ule ilikuwa kuamia ndege kwenye mpunga wa Jonathani. Unasimama majini tangu asubuhi, unapiga debe, unarusha udongo, ndege wasile. Nilikuwa naipenda kazi ile. Jioni naoga, naenda chuoni kwa Maalim Shee. Nilikuwa karibu kumaliza juzuu ya pili na nilikuwa nawashinda wavulana.

Siku moja nikaona damu.

Nikamwambia mama. Mama akamwambia bibi, maana ndiyo desturi. Bibi hakuuliza mengi. Akapiga kigelegele.

Nikawekwa ndani. Nikawa mwari.

Kwa wasiojua: mwari haonekani na mwanamume, hatoki mchana, hachezi, haendi chuoni. Anafundwa. Akitoka, anatoka kwa ngoma, na mara nyingi posa imeshafika. Na yangu ilifika siku ya tano, kutoka kwa watu wa Lunga Lunga ambao sikuwahi kuwaona. Bibi akaanza kuwaalika wapiga ngoma.

Mie nalia tu. Si kwamba sikutaka kukua. Nilikuwa nasikia wenzangu nje wanasoma kwa sauti, wanafika pale nilipoachia, wanapita.

Lakini mama alikuwa na shaka. Siku kumi zikapita, damu ipo. Ishirini, ipo. Na haiji yenyewe, inakuja mwisho wa haja ndogo, na inachoma. Mama akamwambia shangazi, shangazi akamwambia bibi.

"Mama, huyu mtoto anaumwa."

"Damu ni damu, Mwanajuma. Nimewatoa wari kabla wewe hujaota meno."

"Na hao wari wote walikuwa wanalia wakienda chooni?"

"Wewe ulilia mpaka jirani wakaja. Ninyamazie."

Basi ndipo Bwana Konokono akatangaza kwamba anataka mkojo wa watoto wote. Na anautaka saa sita mchana, jua la utosi, na kabla ya hapo watoto wakimbizwe kidogo. Mtaa ukacheka ukachoka. Wengine waliogopa, wakasema ni mumiani huyu, leo mkojo, kesho damu. Lakini Suleimani alieleza vizuri: kuna ugonjwa, mayai yake hutoka kwa wingi saa hizo, asubuhi huwezi kuyaona sawasawa.

Watoto wakapewa mikebe ya maziwa, kila mmoja na karatasi ya jina.

Suleimani akaja mlangoni kwetu na daftari lake.

"Hodi. Shikamoo bibi."

"Marahaba. Karibu nje hapo hapo."

"Nimeandika mtoto mmoja wa kike nyumba hii. Sijaona mkebe wake."

"Humu hamna mtoto. Mna mwari."

"Basi bibi, hata mwari. Mimi sitamwona. Mkebe tu."

"Kitu cha mwari hakitoki nje ya nyumba hii na jina lake juu yake. Unataka aokotewe na mwenye husuda amfunge kizazi?"

Msicheke wakuu. Ndivyo tulivyokuwa. Hata nywele zangu zilizoanguka zilizikwa.

Suleimani akaaga, akaenda nyumba ya pili. Shangazi akataka kuruka na maneno, lakini mama ndiye aliyesema. Mama yangu, ambaye hakuwahi. Nilimsikia kutoka chumbani.

"Mama, nakuomba. Kama ni kukua, mkebe hautamwondolea kukua. Kama ni maradhi, tunamwoza mgonjwa."

Mie nimeshika mkeka kwa kucha.

Bibi akamwambia shangazi, "Andika jina langu. Mwanakombo. Wakilifunga hilo, mie nimeshazaa, hawana cha kufunga."

Shangazi akauchukua mkebe wangu akaupeleka kwa Suleimani, karatasi inasema Mwanakombo.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, Suleimani huyo mbio na sanduku la sindano.

"Bibi Mwanakombo, pole sana. Una kichocho kikali. Daktari anasema hajaona mayai mengi vile kwa mtu wa umri wako, anauliza bibi huyu anaingia mtoni kufanya nini."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Bibi hakucheka. Alivaa kaya, ushungi wake, akatoka, akaenda mwenyewe hadi kwenye hema la Bwana Konokono. Akadai aonyeshwe. Yule Mzungu, naambiwa, alimwekea kigoda, akamwelekeza jicho kwenye darubini. Bibi akachungulia, akachungulia. Mara ya tatu akasema kwa Suleimani, "Naliona. Yai, na nchani lina mwiba. Huo mwiba ndio unaochana?"

"Ndio huo, bibi."

"Basi mkebe ule si wangu. Ni wa mjukuu wangu. Nimekosea mie."

Alisema mbele ya watu. Bibi yangu ambaye hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Akarudi nyumbani, akaufungua mlango wa chumba mchana kweupe, akaniambia, "Toka. Wewe bado mtoto. Unaumwa tu."

Wakuu, nimezaa, nimezika, nimehiji, lakini kifua changu hakijawahi kushuka kama siku ile. Kuambiwa unaumwa na ukafurahi!

Jioni wale watatu walikaa barazani kwetu, mara ya kwanza nawaona pamoja. Mzungu akauliza mtoto amesimama maji gani. Jonathani akainamisha kichwa, maana maji ni ya mpunga wake. Rashidi akafungua daftari lake, akasema mvua ya mwaka ule ilichelewa kukatika, maji yamelala bondeni kuliko mwaka uliopita, ndio konokono wakazaana. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na wote walikuwa wakipishana njia moja kila siku bila kuulizana. Msimu uliofuata Jonathani alikuwa akikausha shamba kila baada ya siku kadhaa, na watoto wakaamia ndege wakiwa juu ya tuta.

Sindano zilikuwa nyingi na zilikuwa mbaya, natapika kila moja. Mama alinishika kichwa zote. Damu ikakata.

Bibi alipeleka ujumbe Lunga Lunga kwamba mwari hayupo, kuna mtoto anadungwa sindano. Wapiga ngoma wakaambiwa wapumzike. Na kutoka hapo, msichana yeyote akiletwa kwake na habari ya damu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Inachoma? Nenda kwa Suleimani kwanza, halafu uje kwangu." Wawili najua waliponea hapo, Mwanaisha na Bimkubwa, na Bimkubwa yu hai mpaka leo.

Funzo langu ni hili, vijana. Anayepima mvua msimcheke, na anayeokota konokono msimcheke. Na mzee aliyekosea akikubali kosa lake, mpeni heshima yake mara mbili, maana hilo ni gumu kuliko sindano.

Wenye habari za wazee wao za namna hii, waandike hapa chini, nitasoma yote polepole. Na kama yupo mtu wa Msambweni aliyesikia kisa hiki kwa watu wake, na mie jina nimelichanganya au siku nimezihesabu vibaya, anisahihishe. Sitakasirika.