Neema na soketi yake

Jamani, leo nimeona wivu mpaka chai imenishinda.

Mie ndiye ninayeiangalia seva ya barua pepe ofisini kwetu Kipawa, tunakosafirisha mizigo ya watu. Wiki nzima barua zinachelewa kwa sababu ya kichujio cha spamu, yaani barua taka. Nimehangaika nacho, wapi!

Leo Neema, mfanyakazi mwenzangu mgeni, akachungulia tu.

"Braza, seva na kichujio si viko kwenye mashine moja? Sasa kwa nini viongee kupitia mtandao? Tuviunganishe kwa soketi, njia ya mkato ya humo humo ndani ya mashine."

Akabadilisha mipangilio, akaenda kula.

Bosi wetu, Murtaza, hata hajasubiri matokeo, akamsifia mpaka kwa wateja. Roho iliniuma, nyie!

Mara barua zikagoma kabisa. Haiingii hata moja.

Nisiwe mnafiki, nilifurahi.

Nikaangalia shida iko wapi. Kumbe seva haikupewa ruhusa ya kuitumia ile soketi. Nikawaza, nimwache aumbuke? Ila wateja walikuwa wanasubiri majibu ya mizigo yao. Nikaweka ruhusa, nikaiwasha seva upya, barua zikamiminika.

Bosi akatoka mbio. "Neema, wewe ni balaa!"

Neema ndiyo kwanza anaingia na chipsi zake mkononi. Akaitazama skrini yangu, akaelewa.

"Hapana bosi, mie nilisahau ruhusa. Aliyeokoa ni braza hapa."

Ofisi nzima ikanipigia makofi.

Yaani hata sifa zangu kanipa yeye! Wivu ndiyo umezidi.

Mtu kama huyu unamchukiaje? Hebu niambieni.