Tisa ya Shangazi

Shangazi yangu alikaa miaka kumi na tisa katika chumba cha damu cha hospitali: friji mbili, dirisha moja la kupokelea karatasi, na kiti ambacho mgongo wake ulishajiuzulu. Kazini walimwita Mama Tisa. Kila sampuli ya mgonjwa ilipewa namba ya tarakimu tano, ile ya mwisho ikichaguliwa ili jumla ya zote igawanyike kwa tisa. Karatasi ya kuomba damu ikitoka wodini, aliisoma namba, akajumlisha kwa midomo, akaitafuta daftarini aone kundi la mgonjwa, akatoa mfuko. Jumla ikikataa, karatasi ilirudi na aliyeileta, pamoja na matusi ya heshima.

Siku hiyo nilimpelekea miwani. Alikuwa ameisahau nyumbani, juu ya kabati la vyombo.

"Umefanyaje kazi tangu asubuhi bila macho?"

"Macho ya nini? Nikisoma vibaya, tisa inakataa."

"Na unajua kwa nini inakataa?"

"Si utaniambia wewe, msomi nusu."

Diploma niliiacha njiani, lakini hilo sikuliacha. Nikavuta karatasi tupu. "Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa na moja. Elfu hivyohivyo. Kwa hiyo nne ikikaa kwenye mamia, ni nne mara tisini na tisa, na nne juu. Ile ya kwanza inagawanyika kwa tisa, itupe. Inabaki nne. Fanya hivyo kwa kila tarakimu, unabaki na jumla tu. Jumla ikigawanyika, namba nzima inagawanyika. Ikikataa, namba nayo inakataa. Nimethibitisha, nipe cheti changu."

Hakucheka. "Nne ikikaa kwenye makumi?"

"Inabaki nne."

"Popote?"

"Popote, shangazi. Ndio utamu wake."

"Basi mbili zikibadilishana viti, tisa haijui."

Nilikuwa na utani tayari mdomoni, nikaumeza. Nikalivuta daftari, nikachagua namba yenye tiki ya wino mbichi: 30474, kundi A, imetoka. Pembeni nikaandika 30744. Jumla kumi na nane, zote mbili.

"Hii nayo ingepita," nikasema. "Kama ingekuwepo."

Akavaa miwani. Akafunua ukurasa uliofuata, kidole kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama. 30744. Kundi O. Haina tiki.

Friji ziliendelea kunguruma. Shangazi akachomoa karatasi ya juu kwenye msumari wa zilizokwishahudumiwa, akaisogeza dirishani. Saba ilitangulia nne zote mbili. Mwandiko safi, hata mtoto angeusoma.

Mtu wa O akiingizwa damu ya A, mwili wake wenyewe unaivamia, na figo ndizo zinazolipa. Hilo alinifundisha yeye, zamani, kwa kunitisha.

Akapiga simu wodini. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Mfuko umetoka lini?" nikauliza.

"Mlipishana na mhudumu mlangoni."

Nilimkumbuka. Alikuwa na trei mikononi, na mimi, kwa adabu zangu zote, nilimshikia mlango.

Shangazi hakukimbia kamwe hospitalini. Alisema anayekimbia anatisha wagonjwa. Siku hiyo alikimbia, kandambili moja ikabaki ngazini. Watu wakatupisha bila kuuliza.

Wodini, muuguzi alikuwa anamfunika mwanamke mmoja blanketi la pili. Jua la saa saba lilikuwa limelala kitandani kote.

"Anasema anasikia baridi," muuguzi akatuambia. "Joto lote hili. Na mgongo unamuuma."

Mfuko ulikuwa umeshuka upana wa vidole viwili. Shangazi akaubana mrija kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwite daktari," akasema. "Mwambie nimetoa damu siyo. Mwambie ni mimi."

Muuguzi akaifunga koki ya mrija, akatoka mbio. Mwanamke akamtazama shangazi, meno yakigongana, akamuuliza kama yeye ndiye daktari.  Shangazi aliendelea kuubana ule mrija, uliokuwa umeshafungwa.