Neema Amekataa Kula

Jamani, nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, kila siku namsimulia bosi wangu Karin habari za Neema: jinsi anavyonifuata bustanini na anavyowahi kulala. Sikukumbuka kumwambia kwamba Neema ni kuku.

Juzi nilifika kazini nikilia, nikamwambia Karin: "Neema anaumwa. Hataki kula, na hapa shingoni amevimba."

"Maskini! Nenda ukakae naye."

Nilishukuru, nikakimbilia treni ya kurudi kwangu Norsborg. Nyumbani nilimfunga Neema kwenye kanga, nikampakata, nikawa namnywesha maji ya vuguvugu na kumsugua gole, kile kifuko cha chakula shingoni, lililojaa majani makavu.

Jioni kengele ya mlango ililia. Nikafungua nikiwa nimembeba. Ni Karin, na sufuria mkononi.

"Nimempikia Neema supu ya kuku. Watoto wangu wakiumwa huipenda sana."

Neema akatoa kichwa kwenye kanga. Karin akamtazama, akaitazama sufuria, akaifunika vizuri. Aibu niliyoona! Nikaomba radhi kwa Kiswidi chao na Kirundi chetu, nikamweleza nilivyokuwa namsugua gole.

Karin akavua koti, akanawa mikono.

"Haya, nionyeshe pa kumsugua."