Ghazali Niliyoimba Msibani Hjulsta

Kwa miaka nimewaringia watu kwamba najua Kiurdu, kumbe nilikariri tu nyimbo za Kiurdu za filamu za Kihindi nikiwa mtoto Tanga. Juzi mzee wa Kipakistani, jirani yangu huku ughaibuni, Hjulsta, alifariki, nami nikajitia kumliwaza mjane wake kwa ghazali, shairi tamu la filamu moja. Niliimba kwa madaha, nimefumba macho. Nilipoyafumbua, waombolezaji wote walikuwa wamekauka. Mjane alikuwa ameshafika mlangoni, amevaa koti, anatabasamu na kunong'ona kwa sauti ya kisichana.

Binti yake akamshikilia, akaniuliza kwa Kiswidi, "Unajua ulichoimba?"

"Maneno ya pole," nikajibu.

"Ni marehemu anamwita mkewe amfuate kaburini. Na mama anamjibu kwamba anakuja."