Pipa Nililosuuza Mtoni

Pale sokoni Malili nilinunua pipa lililokuwa na dawa ya kuyeyusha barafu kwenye ndege za abiria. Kusema haki, muuzaji alinionya: "Mzee, lioshee mbali na maji." Lakini kwetu maji ni ya kuchimba mchangani, mto ukikauka. Nani ayapandishe mlima aende kuoshea pipa? Nikalisuuza papo hapo kwenye mchanga wa mto. Lilikuwa na harufu tamu, sikuogopa.

Kesho yake mbuzi watatu wa jirani yangu mjane, Mama Mwende, wakafa. Jumapili mimi, mzee wa kanisa, nikaomba kwa sauti: "Mungu, mfichue aliyewapa sumu!" Wote wakaitika amina.

Mama Mwende akainuka polepole.

"Mungu amejibu haraka, mzee. Walilamba mchanga pale uliposuuza pipa lako."